Mtani Kaizuia Maiti ya Saketi

Sehemu ya Tisa

"Nani kafa humu?"

Kalamu ya Mzee Anwar ilibaki hewani, wino haujagusa karatasi. Watu wote waliokuwa chumbani waligeukia mlangoni.

Aliyesimama pale alikuwa Romani, fundi wa kompyuta kutoka Chanika, mkeka kwapani, kanga nyeusi kaifunga kichwani kama mama aliyetoka kufiwa. Nyuma yake hapakuwa na polisi wala wakili. Hapakuwa pia na yule tajiri wa suti ambaye baadhi yenu mlinitumia ujumbe wiki nzima mkiniapia kwamba ndiye atakayeingia. Poleni. Aliyekuja ni Romani.

Kwa aliyeliokota gazeti leo kwa mara ya kwanza nitasema kwa ufupi, maana wenzake wana haraka. Saketi ni jarida la watu wanaopenda kufungua kompyuta waone kilichomo ndani. Ofisi yake ni chumba kimoja Kurasini, karibu na yadi za makontena zinakoteremshwa kompyuta kuukuu za ng'ambo. Mhariri ni Tunu Marijani, mwanamke wa ulimi mkali na bisibisi mfukoni. Mwenye mali ni Mzee Anwar, aliyechoka kuligharamia. Mnunuzi ni Gibson, mwenye ghala kubwa la kompyuta kule Wazo, na ni huyo huyo Gibson ambaye Saketi lilimwandika kwamba anapaka rangi kompyuta kuukuu na kuziuza kama mpya. Ameona njia rahisi ya kulifumba domo lililomsema ni kulinunua.

Haya, tuendelee.

"Nimeuliza nani kafa," alisema Romani akivua ndala. "Nimekuta gari la kubebea maiti hapo nje."

"Lile gari langu," alisema Gibson. "Limekuja kuchukua vifaa."

"Ndio hilo hilo nalolisema."

Romani alivuka meza, akatandika mkeka chini ya dirisha, mbele ya kompyuta kubwa ya kijivu ambayo ofisi nzima iliiita Bi Mkubwa. Tunu aliiunda mwenyewe kwa vyuma vya makontena, na kila toleo la Saketi lilipangwa kurasa humo. Romani alijilaza ubavu, akaikumbatia, akaanza kulia kwa sauti hata wapakizi wa yadini wakaacha kazi wakasikiliza.

"Ewe Saketi, umetuacha na nani? Marehemu alikuwa mwongo huyu. Mwongo mkubwa. Toleo la saba alinambia waya mwekundu uende kulia, nikaupeleka kulia, Chanika nzima ikalala giza. Majirani walitaka kunichoma na jiko langu. Nikamwandikia Tunu aombe radhi, akanijibu jifunze kusoma. Lakini ni wetu jamani. Mwongo wetu. Wazaramo nyie, mmemuua kwa kumnyima chakula, sasa mnamuuza hata hajapoa."

Mzee Anwar alijaribu kukaza uso, akashindwa. Mabega yalianza kumcheza.

"Huyu ni nani?" Gibson aliuliza. "Dereva, njoo umtoe."

"Dereva, bakia hapo hapo," alisema Mzee Anwar, na sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Bwana Gibson, keti. Mie Mzaramo. Yule pale Mnyamwezi. Mtani haguswi msibani."

"Msiba gani, Mzee? Hii ni biashara."

"Yeye kauita msiba. Akishaingia na mkeka, ni msiba."

Gibson alizaliwa Oysterbay na kusomeshwa ng'ambo. Utani aliufahamu kama vichekesho vya kwenye simu, Msukuma kasema hivi, Mchaga kajibu vile. Hakuwahi kumwona mtani akijilaza ndani ya kaburi lililokwisha chimbwa, jeneza linasubiri juu na shehe anatazama saa, asitoke mpaka akombolewe. Wala hakuwahi kuona wafiwa wakicheka na machozi yangali mashavuni. Ndiyo kazi ya mtani, na asiyeijua akae kimya.

Gibson hakukaa kimya. Alitoa noti mfukoni, akaziweka juu ya mkeka.

Romani alilamba moja, akaibandika kwenye paji la uso wake. "Hii ya machozi," alisema. "Ya kaburi bado." Akaendelea kulia.

*

Muda wote huo Tunu alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, na hasira imemkaba mpaka masikio yanamvuma. Hakuwa na hamu ya kucheka. Jarida lake linauzwa, na aliyekuja kulipigania amevaa kanga.

Pembeni yake, kwenye birika la kahawa, alisimama Najma, mpanga kurasa wa Saketi. Alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe ambacho kilishajaa.

"Bwana Gibson," Tunu alisema hatimaye. "Nina swali moja tu."

"Uliza, dada yangu."

"Ukurasa wa Tumeifungua utaendelea?"

Huo ndio ukurasa uliolipa Saketi jina. Kompyuta yoyote inayouzwa mjini ilinunuliwa dukani bila mnunuzi kujitambulisha, ikafunguliwa juu ya meza ile ile, na kilichokutwa ndani kikaandikwa. Ikikutwa safi, inaitwa safi. Ikikutwa imejaa vumbi la miaka kumi ya ofisi ya mtu Ujerumani, nalo liliandikwa. Wanafunzi, makarani, wenye vibanda vya kuchapa barua, wote walisubiri Saketi kabla hawajatoa akiba yao.

"Utaendelea," alisema Gibson. "Tena nitauboresha. Nimekuja na zawadi."

Alimwashiria dereva, na boksi likaletwa. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ya kupakata, nyeusi, inang'aa. Kwenye mfuniko wake palikuwa na stika ya kijani: IMEPIMWA NA SAKETI.

Tunu aliitazama ile stika kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama kompyuta.

"Nani kaipima?"

"Wewe," alisema Gibson akitabasamu. "Kuanzia leo."

Bisibisi ilitoka mfukoni kabla hajamaliza neno. Tunu aliigeuza ile kompyuta tumbo juu na kuanza kutoa skrubu moja baada ya nyingine, akizipanga mezani kwa mstari. Romani aliacha kulia. Mzee Anwar alisogeza kiti. Gibson hakumzuia. Alisimamisha simu yake juu ya meza, ikimwelekea Tunu, akarudi nyuma na kukunja mikono.

Hapo, msomaji, ungekuwa wewe ungeshtuka. Mwizi akikuachia mlango wazi, jiulize kabla hujaingia. Lakini Tunu alikuwa na hasira, na mwenye hasira haoni pembeni.

Mfuniko uliinuka.

Hakuna vumbi. Hakuna skrubu iliyoliwa kichwa. Feni safi, betri ya kiwandani, bodi inanukia upya. Tunu alichungulia kwa tochi, akapitisha kidole pembezoni, akatafuta alama ya chuma cha kuchomelea. Hakuiona.

"Tunasubiri," alisema Gibson. "Wasomaji wako wamezoea kuambiwa. Umekuta nini?"

Neno moja tu lingetosha kumharibia. Kuukuu. Nani angembishia? Mle ndani yeye ndiye aliyekuwa hakimu. Mzee Anwar angeweka kalamu chini, gari lingerudi Wazo tupu, na Saketi lingebaki Kurasini.

Tunu alizima tochi.

"Mpya," alisema. "Kila kitu humu kipya."

Romani alifumba macho kule chini kwenye mkeka. Mzee Anwar alishusha pumzi. Gibson aliinua simu yake, akabonyeza, akairudisha mfukoni.

"Ahsante," alisema. "Hivyo ndivyo utakavyoandika."

"Nitaandika kwamba hii moja ni mpya," alisema Tunu. "Stika moja, kompyuta moja. Zilizobaki ghalani kwako nitazifungua hivi hivi, na kila moja itasema yake. Ukitaka stika elfu, niletee elfu nizifungue."

"Utakuwa mwajiriwa wangu, Tunu. Utafungua nitakachokupa."

"Basi utakuwa umenunua kiti. Mie sitakuwa juu yake."

"Watakaa wengine."

"Watakaa. Na wasomaji watajua ni wengine. Unadhani hawa watu wananunua karatasi? Wanajua mkono wa mtu, bwana. Wewe nunua, halafu utaniambia umepata nini."

Najma aliweka birika chini kwa kishindo, akaomba samahani, na hakuna aliyemjali.

*

"Mzee," alisema Gibson, "tusaini tuondoke. Jua linapanda."

"Siwezi. Mtani bado kalala."

"Si amalizwe, basi. Anamalizwaje?"

"Anakombolewa. Anasema anachotaka, anapewa, anaamka."

"Na anayetoa ni nani?"

"Mwenye msiba."

"Mwenye msiba ndiye nani?"

"Mwenye mali," alisema Mzee Anwar polepole, na macho yake hayakuwa kwa Gibson. Yalikuwa kwa Romani.

Gibson alipiga meza kwa kiganja. Uvumilivu ulikuwa umemwisha, na mtu aliyezoea kuamrisha akiishiwa uvumilivu huanza kugawa vya watu. "Mwenye mali ni mimi. Tumeshakubaliana, imebaki sahihi tu. Kwa hiyo msiba ni wangu. Nasema mbele yenu wote: mpeni huyu bwana chochote anachotaka, tumalize."

Nje winchi ya bandarini ilikuwa inanguruma, na ghafla kila mtu aliisikia.

Mzee Anwar alifunga kalamu yake.

"Mtani," alisema, "umemsikia mwenye msiba?"

"Nimemsikia." Romani aliamka, akajikung'uta magoti, akafungua kanga kichwani na kuikunja vizuri. Alipozungumza sasa hakukuwa na kilio wala mzaha. "Nataka maiti."

"Unataka nini?"

"Maiti. Saketi lenyewe. Jina lake, kurasa zake, na hili dude lake la kijivu. Umesema chochote."

Gibson alicheka. Alimtazama Mzee Anwar acheke naye, akamtazama dereva, akakuta anacheka peke yake. "Utani una mipaka yake, jamani."

"Unayo," alisema Mzee Anwar. "Ila si wewe wa kuiweka ukishatamka."

"Mzee, huwezi kumpa mtu jarida kwa sababu ya mkeka."

"Kweli, siwezi kwa sababu ya mkeka. Nisikilize, Gibson. Sijasaini, kwa hiyo jarida ni langu, na naweza kulitupa baharini nikitaka. Nilikuwa nimechoka. Sikutaka life mikononi mwangu, nikaona bora likafie kwako. Huo ndio ukweli, na nimeona aibu tangu huyu binti alipofungua kompyuta yako na kusema mpya wakati uongo ungemfaa. Wewe umeahidi hapa kwangu kwamba Saketi litabaki Saketi. Sasa hivi umetoa neno lingine mbele ya watu, na hata mate hayajakauka unataka kulimeza. Nikuamini la kwanza kwa lipi?"

Aliuchukua mkataba, akaukunja, akampa Gibson kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni anayeaga.

"Mtani," alisema, "mchukue maiti wako."

Dereva wa Gibson alipiga makofi mawili, kisha akakumbuka nani anamlipa.

*

Kwa hiyo Saketi likawa na mwenyewe mpya, mwanamume wa Chanika mwenye noti iliyobandikwa usoni. Tunu hakujua acheke au alie. Romani alikuwa fundi hodari, lakini aliwahi kuweka simu ya mteja kwenye mchele akaisahau humo na kuupika.

"Mwenye mali," Tunu alimwambia, "unatoa amri gani?"

"Mie sitaki jarida, mtani wangu. Nikae nalo Chanika linisaidie nini, nifunikie mtama? Mtani hachukui akaondoka. Huchukua ili akombolewe. Haya, nikomboe wewe."

"Nikukomboe kwa lipi? Sina kitu."

"Unacho. Ukurasa wa kwanza, herufi kubwa: Toleo la saba tulikosea waya mwekundu, Romani alikuwa sahihi, tunaomba radhi. Andika hivyo, Saketi ni lako."

Mzee Anwar aligeuka kumtazama Tunu. Gibson, aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango, alisimama.

Ombi dogo mno. Sentensi moja, nani angekumbuka toleo la saba? Tunu alivuta kiti mbele ya Bi Mkubwa, akaiwasha, akaweka vidole juu ya herufi. Vikabaki hapo.

"Hatukukosea," alisema.

"Tunu," alisema Mzee Anwar.

"Hatukukosea, Mzee. Ule mchoro niliujaribu kwa mikono yangu kabla haujachapwa. Waya mwekundu kulia. Huyu aliushika mchoro kichwa chini." Alimgeukia Romani, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Nakushukuru, mtani. Umefanya kitu ambacho ndugu zangu hawakukifanya. Lakini siandiki uongo, hata kwa kulipata jarida lenyewe. Nikianza hivyo nitakuwa nimempa Gibson bure alichokuja kukinunua. Mchukue maiti wako."

Romani alimwangalia. Kisha akatoa kicheko kilichoanzia tumboni, akaketi sakafuni, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kichwa chini," alisema. "Wallahi niliushika kichwa chini, niliamka siku ya pili nikaona. Miaka yote hii nakuandikia nione kama utachoka. Mtu aliyeninyima mie sentensi ataweza kumnyima tajiri ghala. Nipe kahawa, mtani. Kikombe kimoja. Nimelia tangu asubuhi, koo limekauka. Ukinipa, Saketi ni lako."

Tunu alicheka na kulia kwa pamoja. "Najma, mdogo wangu, lete kahawa."

Najma hakusogea.

"Kabla hamjanywa," alisema Gibson kutoka mlangoni, kwa sauti tulivu ya mtu aliyekumbuka ana karata nyingine, "mpeni Tunu na hii aisome."

Alirusha kitu mezani. Kilianguka kati ya skrubu, zikatawanyika.

Lilikuwa Saketi. Toleo jipya, wino unanuka, toleo ambalo Tunu hakuwa amelihariri. Jaladani ilikuwapo picha yake mwenyewe akiwa na bisibisi, na chini ya picha maneno makubwa ya kijani: TUNU MARIJANI AMEIFUNGUA: KOMPYUTA ZA WAZO NI MPYA.

"Sikungoja sahihi," alisema Gibson. "Majarida yameshapakiwa kule Wazo, kesho asubuhi yako kila kona ya mji. Mkinishitaki kwamba mhariri hakusema, ninayo sauti yake hapa kwenye simu. Mpya, kila kitu humu kipya. Neno la hii moja litapotea njiani. Kwa hiyo chagueni. Mzee akisaini, toleo ni langu na lawama ni yangu. Tunu akiwa mwenye mali, wale watu wake wakinunua makopo yangu kwa ajili ya jalada hili, watakuja kumdai yeye."

Tunu alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anafunua kurasa.

Wasomaji wa Saketi wana mchezo wao na watoto wao. Kila toleo, mahali fulani, huchorwa sisimizi mmoja mdogo, mtoto amtafute. Mwaka hadi mwaka mkono uliomchora ulikuwa mmoja, na hakuna kiwanda wala mwizi aliyejua miguu yake ya nyuma hupindwa vipi.

Ukurasa wa mwisho, pembeni, chini ya tangazo la ghala la Wazo, sisimizi alikuwapo.

Tunu aliinua macho.

Najma alisimama na kikombe mkononi, kahawa inamwagikia vidoleni, na hakuonekana kuhisi moto wake. "Nilimweka makusudi," alisema. "Ili ujue ni mie. Waliniita Wazo, wakaniambia umeshakubali, dada Tunu. Waliniambia umeshasaini na unaona aibu kunambia. Nilipojua si kweli nilikuwa nimeshamaliza." Alikitazama kikombe. "Usimpe hii kahawa. Ukimpa tu, hilo toleo ni lako na uongo wake wote. Mwache Mzee asaini. Tafadhali, dada."

Gibson alifungua mkataba tena, akaunyoosha ukutani kwa kiganja, akatoa kalamu yake mwenyewe.

Tunu alisimama. Alizunguka meza, akamfikia Najma, akakitoa kikombe mkononi mwake. Akatembea nacho hadi kwenye mkeka.

"Kunywa, mtani," alisema.

Romani alimtazama Gibson, akamtazama Mzee Anwar, akakipokea kikombe kwa mikono miwili na kukimaliza chote.

"Chungu," alisema. "Haya, mwenye mali. Saketi ni lako, na mzigo wake. Tunafanyaje?"

Tunu aliokota bisibisi mezani, akaifuta kwenye kanga ya msiba, akairudisha mfukoni.

"Najma," alisema, "vaa viatu. Wewe ndiye unayeijua njia ya kwenda Wazo."